Kila wingu lina mtu chini yake: niliyojifunza kwa kutumiana picha za anga Ziwa Victoria

Ukikaa Mwanza, hasa sisi wa nyumba za juu ya mawe kule Isamilo, mawingu huyatafuti. Yanakuja yenyewe hadi barazani. Nilianza kuyapiga picha kwa simu ya kawaida, bila mpango wowote, na leo niko kwenye kundi la watu wanaopenda anga kama mimi. Wengi ni wa kuzunguka Ziwa Victoria, wachache wako Moshi na Bujumbura, na yupo ndugu mmoja Mtanzania anayefanya kazi Muscat. Tunatumiana picha karibu kila siku. Kila anapoingia mtu mpya naona anapita mlemle tulimopita sisi, kwa hiyo nimeamua kuandika yale yaliyotugharimu.

Aliyenipokea kundini ni mzee wa Bukoba, mwalimu mstaafu wa jiografia. Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya machweo, mawingu mekundu mpaka basi, na nilitegemea pongezi. Yeye akauliza mambo matatu: ulisimama wapi, ilikuwa saa ngapi, ulikuwa unatazama upande gani? Nilinyong'onyea. Nilijiona kama mtu aliyepeleka ua akaulizwa namba ya shamba. Nilipotuma picha nyingine akauliza yaleyale, kwa upole uleule. Ikabidi nimpigie simu, nikamwamkia, nikamuuliza Mwalimu anatafuta nini hasa. Akanijibu, "Mwanangu, hilo wingu si lako peke yako. Hata mimi naliona, ila naliona mgongo."

Ndipo akanieleza jinsi ziwa letu linavyofanya kazi, na sijawahi kulitazama vilevile tena. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na alasiri mawingu hurundikana juu ya vilima na vijiji vya pembezoni. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, upepo unateremka kuelekea majini kutoka pande zote, unakutana huko katikati, hewa haina pa kwenda isipokuwa juu, na mawingu ya radi yanazaliwa juu ya ziwa lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000. Kisha upepo wa kutoka mashariki huyasukuma kuelekea magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua karibu mara mbili ya Mwanza kwa mwaka, na nyingi hunyesha alfajiri na asubuhi.

Wingu la radi, ambalo wataalamu huliita kumulonimbasi, katika nchi zetu za joto linaweza kupanda kilomita 15 na zaidi. Kwa kimo hicho unaweza kuliona ukiwa umbali wa zaidi ya kilomita 200, lakini ngurumo yake kwa kawaida haisikiki ukishavuka kama kilomita 20. Ule umeme wa kimya tunaouona usiku kutoka barazani, ambao watoto wanauogopa kwa sababu hauna sauti, ni mvua halisi inayowanyeshea watu wengine mbali na sisi.

Usiku mmoja wa vuli nilipiga picha ya wingu la aina hiyo upande wa kaskazini-magharibi, likiwaka kwa ndani kama taa nyuma ya pazia la zambarau. Safari hii niliandika mahali, saa na upande. Asubuhi Mwalimu akatuma ya kwake kutoka ufukwe wa Bukoba, akitazama mashariki: tumbo jeusi la wingu, ukingo wake wa mbele umekatika sawasawa, na mstari mweupe wa mvua umegusa maji. Chini aliandika, "Mgeni wako amefika." Niliikodolea macho hiyo picha dukani mpaka mteja akanigongea kaunta. Kuanzia siku hiyo sikuhitaji kukumbushwa tena.

Saa ilitusumbua kuliko upande. Mtu anaandika "saa nne", huyu anaelewa saa nne asubuhi, yule wa Muscat anaelewa saa kumi jioni kwa sababu huko amezoea saa za Kiarabu na Kizungu, na ndugu zetu wa Bujumbura wako nyuma yetu kwa saa moja. Tuliwahi kubishana sana juu ya picha mbili ambazo kila mmoja alidai ni za wingu moja, kumbe zilipishana saa sita nzima. Sasa tunaandika kwa tarakimu, 16:20, tukiongeza jina la mji. Kuhusu upande, dira ya simu hudanganywa na chuma. Ukisimama karibu na geti, gari au nondo za nyumba isiyokwisha inakupa upande usio wake. Sogea pembeni, izungushe simu hewani mara kadhaa kwa umbo la nane, ndipo usome. Njia iliyo bora zaidi ni kujiwekea alama: mnara, jiwe, paa la kanisa, ambavyo umeshajua viko upande gani wa mahali unaposimama kila siku.

Upigaji wenyewe haudai simu ya bei kubwa. Kwanza futa lenzi. Simu inashinda mkononi na mfukoni, inapata mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayofanya jua litawanye ukungu mweupe picha nzima. Pindo safi la kanga linatosha. Pili, simu hupima mwanga wa kila kitu kilichomo kwenye kioo, na kwa kuwa ardhi ni nyeusi inalazimisha mwanga uongezeke, wingu linaungua na kuwa karatasi nyeupe. Gusa sehemu ya wingu inayong'aa kuliko zote, kisha kiteleze chini kile kialama cha jua kinachotokea pembeni hadi uanze kuona mikunjo. Ardhi ikiwa nyeusi tii, iache. Acha kipande chake kidogo kionekane chini, na mstari wa maji ukae sawa, maana bila mstari huo hakuna anayeweza kujua wingu limeinama au ni wewe uliyeinamisha mkono. Usivute karibu kwa vidole. Piga kama ilivyo, utakata baadaye. Filta za kupamba rangi tulikubaliana kuziacha kabisa, kwa sababu rangi ya tumbo la wingu ni sehemu ya habari yake.

Kwa radi, weka simu dirishani ndani ya nyumba, rekodi video, kisha toa picha kwenye sekunde iliyowaka. Kusimama juu ya paa au juu ya jiwe ukisubiri umeme ni kutafuta kifo. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawanya kwa 3, utapata kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, uwe ndani tayari.

Na jua lenyewe. Mwezi wa pili mwaka fulani duara kubwa lilizunguka jua mchana kweupe, na simu za mji mzima zikachemka kwa uvumi: vita inakuja, tetemeko linakuja. Duara lile hutokea pale mawingu membamba ya juu sana, sirostratasi, yanapotanda yakiwa na chembe za barafu zenye pande sita. Mwanga ukipita ndani ya chembe hizo hupinda kwa nyuzi 22. Nyoosha mkono, weka ncha ya kidole gumba kwenye jua na utandaze vidole: duara litapita karibu na ncha ya kidole cha mwisho, shubiri moja. Ukilipiga picha, lifiche jua nyuma ya nguzo, kona ya paa au mti, na utazame kioo cha simu tu. Kijana mmoja wa kundini alikaza macho angani akitafuta rangi na akaishia kwa daktari wa macho. Amepona, lakini wiki ile ilikuwa ya hofu kwake na kwa mama yake.

Sasa nifike kwenye usiku ulionibadilisha.

Ulikuwa usiku wa giza la mwezi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta samaki, na mbalamwezi huharibu kazi, kwa hiyo usiku wa giza ndio wanaojaa ziwani. Bahati mbaya ndio usiku ambao umeme hutoka vizuri kwenye picha. Wingu lilisimama kaskazini, kubwa, kichwa chake kimepanuka kama fuawe, na umeme ulikuwa unalipasua kila mara kutoka juu hadi chini. Sijawahi kuona uzuri wa namna ile. Nikatuma picha, na wenzangu wakaanza kushangilia: makofi, moto, mioyo. Kwenye mnyororo huo wa furaha ukaingia ujumbe wa mwenzetu wa Ukerewe: "Dada, mdogo wangu yuko kwenye dagaa chini ya hilo wingu."

Kundi likanyamaza. Nilimpigia, akapokea, hatukuwa na la kusema. Simu ya mdogo wake haikuwa inapatikana, na hiyo peke yake haikuwa na maana, kwa sababu katikati ya maji mtandao hukatika hata siku za shwari. Nilikaa dirishani. Kila umeme ulipowaka niliona namna wingu linavyosogea, na kwa mara ya kwanza nikaandika ninachokiona bila neno moja la sifa: saa hii ukingo wake wa kushoto umefika hapa, saa hii umepita pale, linaelekea magharibi, nyuma yake anga inafunguka. Mwenzetu alisema baadaye kwamba ujumbe huo ndio uliomshikilia mpaka asubuhi. Baada ya swala ya alfajiri akaandika, "Wamerudi. Taa na nyavu zimekwenda na maji." Mtumbwi ulikuwa umejaa maji hadi kwenye viti, wakayakomba kwa ndoo usiku kucha, wanaume wanne.

Hatukuacha kupiga picha za radi. Tulichobadilisha ni mpangilio. Wingu likiwa juu ya maji, maneno ya kwanza yanakuwa mahali, saa, upande na linakoelekea. Sifa zinakuja kesho yake, watu wakishafika nchi kavu. Tena hatutabiri. Sisi tunaona wingu lililokwisha kuzaliwa, hatuoni litakalozaliwa saa tatu zijazo, na mvuvi akituamini kupita kiasi tutakuwa tumemdhuru. Anayeuliza kama aingie majini tunamwelekeza kwenye utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ambayo hutoa taarifa za Ziwa Victoria, na kwa wazee wa mwaloni kwake, pale mitumbwi inapofikia. Yule ndugu wa Ukerewe siku hizi ndiye anayetufundisha zaidi ya wote. Ni yeye aliyeitambua picha ya "moshi" uliosimama wima juu ya maji, tulioubishania siku nzima kama ni moto au mvua: walikuwa wadudu wa ziwani, mamilioni, wakipanda kwa pamoja.

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, tukajifunza upande mwingine wa kushirikishana. TMA ilikuwa inatoa taarifa, na tarehe 4 kikafika Mafia kikiwa kinapungua nguvu. Lakini picha zilizozunguka zilikuwa za kutisha kuliko hali yenyewe: ukuta mweusi wa wingu juu ya bahari, "Dar es Salaam sasa hivi". Watu wenye ndugu pwani walikuwa wanalia. Moja ya picha hizo ililetwa kundini na mtu ninayemheshimu. Tulipoitazama kwa utulivu, jua lilikuwa linazama baharini nyuma ya wingu. Dar es Salaam inatazama mashariki. Kwenye fukwe zake jua huchomoza baharini, halizami humo. Nyingine ilikuwa na magari yanayokwenda upande wa kulia wa barabara. Vivuli, magari, aina ya mitumbwi, mimea, maandishi ya vibao: hivyo ndivyo vya kuangalia kabla ya kidole kugusa kitufe cha kusambaza. Sheria yetu sasa ni kwamba kila mtu anatuma picha aliyoipiga mwenyewe. Imewaudhi wachache, wakaondoka, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu wa karibu. Iliniuma. Hata hivyo siku ya hatari ya kweli, picha ikitoka kundini kwetu, watu wanajua imetoka machoni mwa mtu.

Halafu nikaibiwa simu, kwenye daladala, jioni ya msongamano. Kurudisha laini, ripoti ya upotevu polisi, simu nyingine ya mkopo niliyoilipa kidogo kidogo, vyote hivyo nilivibeba. Kilichonitoa machozi ni picha. Sikuwa nimezihifadhi mahali pengine. Nikaomba kundini: yeyote mwenye picha zangu anirudishie. Watu wa Mungu, walinitumia usiku na mchana, hata yule wa Muscat aliyekuwa zamu ya usiku. Ndipo nikaona tofauti kwa macho. Picha nilizowahi kuzituma kwa njia ya kawaida ya WhatsApp zilirudi zimebanwa, mikunjo ya wingu imekuwa vipande vya miraba, na tarehe ya ndani ya faili imefutwa. Zile chache ambazo Mwalimu alikuwa amenisisitiza nizitume kama dokumenti zilirudi nzima, na saa na dakika zake.

Kwa hiyo: picha ya kufurahisha watu, itume kawaida, inakula bando kidogo. Picha unayotaka iishi, itume kama dokumenti. Lakini kumbuka kwamba dokumenti hubeba na mahali ulipopiga, kama umeruhusu kamera irekodi mahali. Ukipiga kila siku kutoka dirisha la chumba chako, unagawa ramani ya nyumba yako. Kina dada wengi kundini wamezima kipengele hicho kwenye kamera, na wanaandika jina la mtaa tu. Inatosha kabisa kwa kazi yetu. Mwisho wa mwezi nahamishia kila kitu kwenye memori kadi na nakala moja inakaa kwenye kompyuta ya mdogo wangu.

Kuna jambo lingine la mtaani. Ukisimama na simu juu, watu wanadhani unawapiga wao. Niliwahi kuzuiwa na mlinzi karibu na eneo ambalo haliruhusiwi picha, na nilielewa wasiwasi wake. Nilimwonyesha picha zote za siku ile, mawingu matupu, tukaishia yeye kuniambia mvua ya kwao Kahama hutokea upande gani. Epuka kambi za jeshi, bandari, viwanja vya ndege na vituo vya polisi hata kama wingu zuri limesimama pale. Tembea dakika kumi, litakuwa bado lipo.

Picha zetu huwa hazibaki kundini tu. Kwa muda nimekuwa nikitumia programu ya bure ya NASA inayoitwa GLOBE Observer. Inakutaka upige anga pande nne, juu na chini, ueleze umeona mawingu gani, na kama satelaiti ilipita karibu na saa hiyo wanakuletea ulinganisho. Satelaiti inaona wingu kwa juu, mimi kwa chini. Mara ya kwanza kupokea ulinganisho huo nilimpigia Mwalimu kabla ya kuumaliza kuusoma, maana lilikuwa lilelile alilonifundisha siku ya kwanza, ila safari hii aliyeuona mgongo alikuwa kilomita mamia juu yetu. Usikate tamaa bando likiisha. Inahifadhi na kutuma baadaye.

Wapo wanaotuambia tunapoteza muda. Mwaka 1802, mtengeneza dawa wa London aitwaye Luke Howard, ambaye mawingu hayakuwa kazi yake ya kulipwa, ndiye aliyesimama mbele ya wenzake na kupendekeza majina ambayo dunia nzima bado inayatumia: kumulasi, stratasi, sirasi. Na mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliingiza kwenye atlasi yake ya mawingu umbo jipya, asperitasi, mawingu yenye mawimbi kama bahari iliyochafuka iliyogeuzwa juu chini. Chanzo chake kilikuwa picha ambazo watu wa kawaida walikuwa wanazipeleka kwa umoja wa wapenda mawingu wa Uingereza, ulioanzishwa na Gavin Pretor-Pinney. Sisi wa ziwa hili tuna mawingu ya radi ambayo sehemu nyingi za dunia hazina, na picha zake nyingi zimelala kwenye simu za watu bila saa wala upande.

Vuli hii mimi, Mwalimu wa Bukoba na ndugu yetu wa Ukerewe tumekubaliana kupiga wingu moja kwa saa zilezile, kila nusu saa, kuanzia giza linapoingia, ili tulione linavyozaliwa na kuvuka. Kusini tunaye mtu, magharibi tunaye, visiwani tunaye. Mashariki, kuanzia Musoma kupanda hadi Homa Bay na Kisumu, hatuna hata mmoja. Kama unakaa huko na una simu na dirisha linalotazama maji, anza kuandika saa na upande usiku wa leo.